Tumbo la Maji na Neno Sumu: Historia Fupi ya Ugonjwa wa Ini katika Nchi ya Vuhovi

Makala haya yanahusu ugonjwa ambao katika nchi yetu una majina mengi na bado hauna jina. Madaktari wetu, kwa kuwa walisomeshwa kwa Kifaransa, huuita siroze. Ni hali ya ini lililojeruhiwa kwa miaka mingi hadi makovu yakashika mahali pa nyama yake, likawa gumu, likapungukiwa na nguvu ya kusafisha damu. Hatua ya mwisho ni ini kushindwa kabisa kazi yake: macho hugeuka manjano, tumbo hujaa maji, mgonjwa hutapika damu, na akili huvurugika kabla ya kifo. Hesabu za kimataifa zilizochapishwa mwaka 2020 zilikadiria kwamba siroze iliua watu zaidi ya 1,300,000 duniani mwaka 2017, ilhali mwaka 1990 waliokufa hawakufika 900,000. Kanda iliyokuwa na kiwango kikubwa kuliko zote, umri wa watu ukiisha kusawazishwa, ni Afrika iliyo kusini mwa Sahara: vifo 32 hivi kwa kila watu 100,000.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu wa isimu ajishughulishe na ini. Tunadhani kwamba katika nchi hii historia ya ugonjwa huu, kwa sehemu kubwa, ni historia ya namna ulivyotajwa, na kwamba kila jina lilikuja na dawa yake, mkosaji wake na gharama yake. Tunaposema nchi ya Vuhovi tuna maana ya Isale-Vuhovi na vijiji jirani katika usultani wa Bashu, wilaya ya Beni, pamoja na zoni ya afya inayoitwa kwa jina hilo, karibu na mji wa Butembo. Hata hivyo mgonjwa wa Vuhovi hubebwa hadi Butembo, na wa Butembo akiwa na fedha huvuka mpaka wa Kasindi hadi Kampala. Kwa hiyo nasi hatutafungwa na mipaka ya kijiji.

Ini katika maneno

Ini ni neno la Kibantu la kale, nalo katika Kiswahili halikuwa kiungo cha mwili tu. Watu wa pwani husema kumkata mtu maini kwa maana ya kumchoma moyo. Lakini magonjwa yake hayakupewa jina la ini. Yalipewa jina la kile kilichoonekana kwa macho. Mtu aliyegeuka rangi alisemwa ana manjano, yaani aliitwa kwa jina la kiungo cha mchuzi. Aliyevimba ubavu wa kushoto alisemwa ana bandama, na huyu angeweza kuwa mgonjwa wa malaria ya siku nyingi au mgonjwa wa ini, kwa sababu ini likiwa gumu damu hurudi nyuma na kuijaza bandama.

Neno safura ni mfano mzuri zaidi. Asili yake ni neno la Kiarabu linalohusu rangi ya manjano na nyongo, kwa hiyo lilikuwa karibu sana na ini. Lilipokaa katika Kiswahili lilihama. Kamusi zetu sasa hulieleza kuwa ugonjwa wa minyoo unaopunguza damu na kuufanya mwili kuvimba. Uvimbe na weupe wa ngozi vililivuta neno, na ini likaachwa bila mwenyewe.

Isidhaniwe kwamba kasoro hii ni ya Kiswahili peke yake. Mfaransa René Laennec, yule yule aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua, ndiye aliyetunga neno la siroze mwaka 1819, akilitoa katika neno la Kiyunani la rangi ya manjano iliyokoza, kwa sababu ini alilolipasua lilikuwa na rangi hiyo. Na jina la kitabibu la maji ya tumbo linatokana na neno la Kiyunani la kiriba cha ngozi. Wayunani nao walitaja walichokiona. (Kwa upande wetu wa mashariki, serikali ya Tanzania hutumia neno kiribatumbo kwa unene uliopindukia. Mgonjwa wa siroze mwenye tumbo kubwa na mikono iliyokonda angestahili neno hilo zaidi, lakini limekwisha kuchukuliwa.)

Katika Butembo mambo yalizidi kuwa magumu kwa sababu ya lugha tatu. Mji wenyewe ulichipuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, pale kampuni ya madini ya MGL ilipoweka kambi yake, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi, ya soko na ya zahanati. Nyumbani kilibaki Kinande. Daftari la hospitali liliandikwa Kifaransa. Mgonjwa alilalamika kwa Kinande, muuguzi akamhoji kwa Kiswahili, daktari akaandika siroze, na neno hilo likabaki daftarini. Jamaa walirudi nyumbani na habari kwamba mtu wao ana tumbo la maji.

Sindano

Kisababishi kikuu cha siroze katika sehemu zetu ni virusi vya homa ya ini B, na baada yake virusi vya homa ya ini C. Haya hayakujulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1883 wafanyakazi wa kiwanda cha meli mjini Bremen, Ujerumani, walichanjwa dhidi ya ndui, kisha 191 kati yao wakapatwa na manjano. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliwachanja askari wake dhidi ya homa ya manjano kwa dawa iliyotiwa majimaji ya damu ya binadamu, na askari karibu 50,000 wakaugua ini. Kwa hiyo kabla ya nusu ya karne ya ishirini ilikuwa wazi kwamba kuna kitu kipitacho ndani ya damu na sindano.

Miaka hiyo hiyo ndiyo sindano iliyoingia vijijini mwetu. Dola ya Kongo ya Kibelgiji ilipambana na malale kwa vikosi vilivyozunguka kijiji kwa kijiji. Bonde la Semuliki, lililo chini ya milima ya Bashu, lilikuwa mahali pa malale, na katika kipindi cha miaka ya 1920 na 1930 watu walihamishwa kutoka humo. Wengine walipanda milimani, na sehemu ya bonde ikawa mbuga ya Albert, tunayoiita leo Virunga. Pamoja na malale kulikuwa na buba, iliyotibiwa kwa sindano za bismuthi na za dawa za jamii ya zarniki, na ukoma, uliotibiwa popote duniani kwa kudunga mafuta ya chaulmoogra kabla ya dawa za salfoni kuenea. Huko Oicha, kaskazini ya Beni, mmisionari wa Kimarekani Carl Becker alifungua hospitali katika miaka ya 1930, na kambi yake ya wakoma ikawa na maelfu ya watu.

Sindano za wakati ule zilikuwa za kioo na chuma, chache mno kwa watu waliopangwa mstari, na kuzichemsha baada ya kila mtu kulihitaji muda na kuni. Jacques Pepin, daktari wa Canada aliyewahi kufanya kazi Zaire katika miaka ya 1980, alionyesha pamoja na wenzake, kwa kupima damu za wazee wa Kamerun na wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwamba homa ya ini C ilienea katika kizazi kilichodungwa sana enzi za ukoloni. Misri ilipatwa na balaa hilo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sindano za kutibu kichocho zilizoendelea hadi miaka ya 1980. Hatuna haki ya kuhamisha hesabu za Kamerun na kuzipachika Vuhovi. Lakini mtindo wa kazi ulikuwa mmoja, dawa zilikuwa zile zile, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Malale yaliua kweli, na waliotibiwa waliishi hata wakafikia uzee wa kuugua ini.

Kampeni hizo ziliacha pia itikadi, nayo ni kwamba dawa ya kweli ni ile inayochoma. Itikadi hiyo ilidumu katika zahanati ndogo ndogo wakati dola ya Zaire ilipokuwa ikiporomoka, na mahali pengine sindano moja ilitumika kwa wengi mpaka hofu ya ukimwi ilipoleta sindano za kutupwa. Tuongeze wembe wa chale. Wembe mmoja ukipita kwa watoto watano wa nyumba moja hufanya kazi ile ile ya sindano isiyochemshwa.

Njaa, karanga na pombe

Kabla ya virusi kufahamika, wanasayansi walikuwa na maelezo mengine, nayo yalihusu chakula. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, akiwa katika nchi inayoitwa leo Ghana, alilitangaza neno kwashiorkor, na baada ya vita vikuu vya pili uchunguzi wa maradhi hayo ulishamiri katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, walikokuwa Trowell na Davies, na baadaye huko Lwiro, Kivu ya Kusini, katika taasisi ya utafiti ya IRSAC. Watoto wenye kwashiorkor walikuwa na ini kubwa lililojaa mafuta. Wataalamu wengi wakahitimisha kwamba mafuta hayo hugeuka makovu, makovu yakawa siroze, na siroze ikawa saratani. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki nzuri na ilikuwa na makosa: ini la mtoto aliyelishwa vizuri hurudi katika hali yake. Kwa miaka ishirini hivi mama wa Kiafrika alilaumiwa kwa ulaji wa mwanawe, wakati virusi vilikuwa vikipita kimya.

Chakula hakikutoka kabisa katika kesi hiyo. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu, na humo ikagunduliwa sumu iliyoitwa aflatoksini. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, katika sehemu za Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Aflatoksini imepatikana pia katika vyakula vya masoko ya mashariki ya Kongo. Ikikutana na virusi vya B katika ini moja, hatari ya saratani huzidi sana kuliko hatari ya kila moja peke yake. Mtu aliyeona mahindi na karanga vikianikwa barabarani katika majira ya mvua za Butembo, na kuanuliwa kabla havijakauka kwa sababu wingu limetanda, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ama kuhusu pombe, tusiseme mengi. Kasikisi, ile pombe ya ndizi, imekuwa kinywaji cha mahari na cha kazi za pamoja tangu zamani, nayo ina nguvu ndogo. Lutuku na vinywaji vikali vya kuchemshwa ni habari nyingine, na vile vya vifuko vya plastiki, vilivyopigwa marufuku Tanzania mwaka 2017 na Uganda mwaka 2019, vilipata wanywaji wengi miongoni mwa vijana. Pombe huua ini, hilo halina ubishi. Ubaya wake wa pili ni kwamba imewapa watu jina jepesi. Mama asiyewahi kuonja pombe, au mhubiri aliyeikataza maisha yake yote, akiambiwa ana siroze huona amevunjiwa heshima, kwa kuwa neno hilo limekwisha kuwa jina la walevi. Wapo wanaohama hospitali kwa sababu hiyo tu.

Sumu

Tunafika katika neno lenye nguvu kuliko yote. Mtu mzima, mwenye kazi, asiye na historia ya ugonjwa, anavimba tumbo, anatapika damu na kufa katika miezi michache: watu wa Butembo watasema amelishwa sumu. Upande wa Bukavu na Goma watasema karuho. Lazima tukiri kwamba maelezo haya yana akili ndani yake. Ugonjwa wa ini hukaa kimya miaka ishirini au thelathini, kisha hujitokeza ghafula. Kitu kilichoingia mwilini kwa siri na kuua polepole: hivyo ndivyo virusi vifanyavyo, na ndivyo aflatoksini ifanyavyo. Kosa limo katika swali linalofuata, yaani ni nani aliyekitia.

Swali hilo lenyewe lina historia. Randall Packard, mwanahistoria wa Kimarekani aliyefanya utafiti kwa Bashu katika miaka ya 1970 na kutoa kitabu juu ya utawala na imani zao mwaka 1981, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1980 juu ya jinsi Bashu walivyoeleza misiba. Alionyesha kwamba maelezo hayo hayakuwa mila isiyobadilika. Katika enzi ya ukoloni, watu walipohamishwa, magonjwa yalipozidi na mamlaka ya wakubwa wa nchi yalipodhoofika, lawama zilielekea zaidi na zaidi kwa jirani na jamaa, katika lugha ya uchawi. Kwa maoni yetu sumu ya Butembo ya leo ni tawi la mti huo, lililokua katika mji wa biashara ambamo mtu huogopa wivu wa mshindani, na katika nchi ambamo tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia wa Beni yamewazoesha watu kujua kwamba kila kifo kina mwuaji.

Madhara yake ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya haki: mjane, mke mwenza au jirani mzee hufukuzwa, hupigwa, na katika Kivu wako waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo. Ya pili ni ya tiba. Aliyelishwa sumu hupelekwa kwa mtoa sumu, anayemtapisha na kumharisha kwa mitishamba, naye mgonjwa wa ini aliyeharishwa hupungukiwa maji, figo zake hudhoofika, na anafikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Halafu watu husema hospitali ndiyo iliyomwua. Mwanzoni mwa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyofika Vuhovi pia na kuua watu 2,287 kwa jumla, neno sumu lilifanya kazi hiyo hiyo, nalo liliwazuia wengi kwenda kupimwa mapema. Waliozuru nchi yetu wakati ule waliandika sana juu ya ukaidi wa watu. Wachache waliuliza neno hilo lilikuwa limefanya nini kabla ya Ebola.

Mzigo wenyewe

Hospitali hufanya nini? Hutoboa tumbo na kutoa maji, lita tano, lita nane, na baada ya wiki chache hutoboa tena. Hutoa vidonge vya kukojoza. Mgonjwa akitapika damu hutafutwa ndugu wa kumtolea, na damu hiyo lazima ipimwe virusi vile vile vilivyomfikisha kitandani. Kifaa cha kutazama na kufunga mishipa ya koo iliyovimba ni adimu, na kubadilisha ini ni jambo la kusikika tu. Gharama hizi hulipwa na jamaa kwa kuuza mbuzi, kisha shamba. Anayeugua mara nyingi ni mtu wa miaka thelathini au arobaini, mwenye watoto shuleni. Mzee wa miaka themanini angekuwa amekwisha kumaliza kazi ya kulea.

Yanayoudhi ni haya yanayofuata. Baruch Blumberg aligundua dalili ya virusi vya B mwaka 1965, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1976. Mwaka 1981 Palmer Beasley, baada ya kufuatilia wanaume 22,707 wa Taiwan, alithibitisha kwamba virusi hivyo huleta saratani ya ini, na mwaka huo huo chanjo ikaruhusiwa Marekani. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984. Katika Kongo chanjo hiyo iliingia katika ratiba ya watoto mwaka 2007. Dawa ya tenofovir, inayotuliza virusi vya B, imo tayari katika zahanati za ukimwi, na bei yake ya jumla duniani imeshuka hadi dola 2.40 kwa mwezi. Lakini mara nyingi mwenye ukimwi huipata bure, na mwenye virusi vya ini peke yake huambiwa aitafute. Ebola ilileta Beni na Butembo mashine za kupima virusi kwa saa chache, na mashine za aina hiyo zinaweza pia kupima wingi wa virusi vya B. Kuna kipimo, kuna dawa, kuna chanjo, na bado mgonjwa husema amelishwa sumu, kwa kuwa hakuna aliyempa neno jingine analoweza kulitamka mbele ya ukoo wake.

Homa ya ini, jina linalotumiwa na redio za Tanzania na Kenya, halijakaa vizuri katika masikio ya Butembo, maana mgonjwa wa siroze mara nyingi hana homa. Sisi tungependelea ini kuwa makovu kwa siroze, na virusi vya ini kwa chanzo chake. Wauguzi ndio watakaoamua, kwa kuwa wao ndio wanaosema na mgonjwa.

Linabaki jambo la saa za kuzaliwa. Mtoto akiambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, watoto tisa kati ya kumi hubaki na virusi maisha yao yote, ilhali mtu mzima akiambukizwa wanaobaki navyo hawafiki watano katika mia. Chanjo ya ratiba ya 2007 huanza mtoto akiwa na wiki sita. Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza itolewe katika saa 24 za mwanzo, na mwaka 2022, katika kanda yake ya Afrika, watoto 18 tu kati ya 100 ndio walioipata. Wasichana waliozaliwa Vuhovi mwaka 2007 na kuchanjwa sasa wamefikia umri wa kuzaa. Dada zao wakubwa, ambao bado wanajifungua kila wiki katika vituo vya afya vya milimani, walizaliwa kabla ya chanjo hiyo.